Maneno Yasiyo na Damu Moja

Jumatatu, 2 Oktoba

Mswada wa Crispin Wetherby umetua mezani kwangu. Bwana wa redioni mwenye sauti ya asali — na kichwa debe tupu! Kitabu kizima kuhusu maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa sauti, na eti yalikotoka. Akiona maneno mawili yana sura moja, basi ameshayafanya ndugu. "Female", jike, anasema ni binti wa "male", dume. Binti! Yametoka mashina mawili tofauti ya Kilatini, hayajuani kabisa. Ni watu wa kale tu waliolipinda la kwanza ili lifanane na mwenzake.

Philippa, mhariri mkuu, alipita na chai yake. Eti nimhakikie “mpenzi wetu” Crispin asili ya kila neno, kitabu ni cha Krismasi. Miaka thelathini na moja ya kamusi, leo nafua nguo chafu za mtu wa redio.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimemaliza. Upuuzi, ukurasa kwa ukurasa. "Belfry", mnara wa kengele, kwake limezaliwa na "bell", kengele. Lilikuwa jina la mnara wa vita, wa magurudumu, wa kushambulia ngome! Kengele ni wapangaji waliohamia baadaye.

Nimemwandikia pembeni kwa penseli, kwa adabu ya nyumba hii ya uchapishaji: "Inavutia sana. Pengine tuitazame tena, ukipata nafasi?" Hapa Oxford hilo ni kofi la uso. Mwenye haya angeuchoma mswada na kuhama mji.

Geraint wa meza ya pili alichungulia, akacheka. Mtu huyu wa Wales mdomo wake hauna breki.

"Si umwandikie tu kwamba ni uongo, dada?"

Nikamwambia hatuandiki hivyo.

"Haya. Endelea kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Jumatano, 11 Oktoba

Crispin kapiga simu. Ananishukuru kwa sifa! Penseli yangu imempa moyo, anasema. Hajabadilisha hata nukta.

Mjinga — au mjanja? Geraint anasema mjanja: alielewa vizuri mno, ila nilimwachia mlango wazi, akapita. Nimechukia. Zaidi kwa sababu labda ni kweli.

Jumatatu, 6 Novemba

Vitabu vimetoka kiwandani. Ukurasa wa kwanza kabisa: "Kila asili ya neno humu imehakikiwa na Honor Pellew." Jina langu! Sina mume, sina nyumba, nina jina tu — watu wa kamusi wakilisikia hawaulizi mara mbili. Sasa limegongwa juu ya takataka.

Nikapanda moja kwa moja kwa Philippa. Nilikuwa nimeiva kwa hasira. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu ikisema nina wasiwasi kidogo.

"Kidogo? Afadhali, mpenzi. Ulivyoingia nilidhani kuna tatizo."

Nikacheka naye. Nikacheka! Kisha nikashuka ngazi.

Jumanne, 7 Novemba

Sikwenda kazini. Mvua.

Alhamisi, 16 Novemba

Uzinduzi. Niko chumba cha nyuma cha duka la vitabu, kati ya makoti ya wageni, naandikia gotini. Ukumbi umejaa. Divai ya bei rahisi, vipande vya jibini, na wenzangu wa kamusi wote wamekuja. Wamekaa mstari wa mbele kwa heshima yangu! Naisikia sauti ya asali ikipenya ukutani. Anawaeleza jinsi jike alivyozaliwa na dume. Wanacheka. Watu hawa wangecheka hata wakisomewa ratiba ya treni, mradi msomaji awe wa redioni.

Geraint kaniletea maji. Akaninong'oneza, safari hii bila mzaha: "Wote wapo, dada. Ukisema leo imekwisha. Usiposema, kitabu hiki ni chako wewe pia." Nimejaribu mbele ya makoti. "Ni uongo." Linatoka. Kumbe si gumu.

Sasa Crispin ananitaja. Mwanamke aliyekisoma kila neno, anasema, akaandika pembeni "inavutia sana". Makofi! Philippa kasukuma mlango.

"Wanakungoja, mpenzi. Maneno mawili tu. Uko sawa?"

"Sawa kabisa, asante."

Asante ya nini? Kashikilia mlango. Anatabasamu. Kalamu naiweka wapi —