Matete ya Mferejini

Jumamosi, 8 Novemba 1997
Mwanangu Limi homa tena. Malaria ya pili tangu mvua zianze. Mayu, mama mkwe wangu, kaja kutoka Samuye na mfuko wa michembe ya viazi na maneno yake. Kasimama mlangoni, kayatazama matete kando ya mfereji, kasema hapo ndipo ugonjwa unapolala. Usichanani mwake waliamriwa kufyeka pori zima – mbung'o wakaisha, ng'ombe wakapona. Nikamwambia Mayu, mbu si mbung'o. Akauliza, kwani mbu hawana mabawa?

Jumanne, 11 Novemba
Kafyeka! Na panga la baba Limi, ambaye yuko Geita kwenye mashimo ya dhahabu na hajui lolote. Majirani wamemsaidia huku wakiimba kama wako shambani. Upande wetu wote mweupe, unaona mpaka kwa akina Mehjabin ng'ambo. Mimi nilipapenda pale. Jioni palikuwa na ubaridi, nakaa na Limi anapumua vizuri. Nimenuna. Mkwe hagombwi – unanuna tu na kusonga ugali.

Ijumaa, 21 Novemba
Mvua tangu jana. Mfereji umefurika. Vyoo vya huko juu vimejaa, na uchafu uliokuwa ukinasa kwenye matete umeteremka moja kwa moja hadi kisimani kwetu. Maji yananuka. Nikasema tuchemshe. Mayu anasema maji ya kuchemsha yana ladha ya sufuria, hayakati kiu. Anampa na Limi. Na mbu? Wapo vilevile.

Jumatatu, 24 Novemba
Limi kaharisha maji matupu, macho yakaingia ndani. Nimembeba mgongoni hadi hospitali, Mayu nyuma na kanga zote za nyumba. Dripu. Nimeogopa mpaka sala imenipotea.

Bwana afya, Kalisti, kaja kuuliza tunachota wapi. Wagonjwa wote ni wa upande wetu. Ng'ambo matete bado yapo, kisima chao kizima. Akauliza nani kafyeka. Nikamfunika Limi kanga. Mayu akasema, "Ni mimi, mwanangu. Nilidhani nafukuza mbung'o."

Alhamisi, 27 Novemba
Limi karudi nyumbani, anadai mihogo. Nimelia kwa furaha.

Kutwa Mayu yuko mferejini, tope mpaka magotini, anapanda mashina ya matete aliyoomba kwa mama Mehjabin. Nikamwambia, Mayu, kwenye tope hilo ndimo ugonjwa ulimo, ngoja likauke. Akasema wakati wa kufyeka hakungoja.

Sasa kaingia, kaketi, kaomba maji. Nikampa kikombe. Akauliza kama yamechemshwa. Hajawahi kuuliza. Nikasema ndiyo, Mayu. Kanywa yote, kaomba mengine.

Kaenda chooni. Karudi. Kaenda tena. Anasema ni michembe tu, imemvuruga tumbo. Michembe iliisha tangu Jumapili. Nimegonga kwa jirani, anatoa baiskeli tumpeleke hospitali –