Siku ya Tatu Mtunda

Kiongoroni

Zuhura, mke wangu,

Salamu zako zimefika na mashua ya juzi. Sisi wazima, ila bibi yako anakohoa kidogo. Umeniuliza kama wenyeji wako huko Mwanza wanakudharau, maana siku ya tatu tu walikukabidhi vyombo uoshe.

Enzi za Mwingereza, nikiwa kijana, nilitoka Dar es Salaam kwenda Kilwa kwa baisikeli. Niliingia Mtunda jioni, miguu imekataa, nikaomba kupumzika siku moja kwa Bi Mwanaidi, mama nisiyemjua kabisa. Asubuhi nyumba nzima ilikwenda kupalilia mpunga. Nami nikainuka.

"Mgeni hashiki jembe," akasema. "Kaa, mwanangu."

Nikakaa barazani na baisikeli yangu. Waliniachia wali chini ya kawa, nikaula peke yangu. Kutwa nzima nilisikia vicheko vyao shambani. Waliporudi walikuwa bado wanacheka, nami sikujua wanachekea nini.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nafunga mzigo, Bi Mwanaidi akanionyesha nyuma ya mlango. "Leo siku ya tatu, mwanangu. Jembe lako lile pale."

Nilidhani ananifukuza kistaarabu. Nikaaga haraka, nikapanda baisikeli. Nilikuwa nimeshavuka mto nilipokumbuka kwamba alisema jembe *lako*. Nikasimama pale njiani muda mrefu, kisha nikaona haya kurudi.

Osha vyombo, mke wangu. Osha na masufuria.

Babu yako