Lile Pipa la Machicha

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana nakujua, utataka kuisoma huku ukikoroga mbaazi. Goti lako je, limepoa? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Eldoret haina adabu, nalala na soksi mbili.

Nimeandika kwa sababu kila nikipiga simu, Baba Mdogo Charo huichukua yeye na kuniambia Tunu ni tasa, amepandishwa kwa mrija wa mbegu mara tatu na hashiki mimba, na mwenye bucha atakuja kumchukua mwisho wa mwezi. Mama, asichukuliwe. Huyo ndiye ng'ombe pekee aliyetuachia baba, na kinachomsumbua nakijua.

Usione haya nikikueleza kazi yangu. Hapa kituoni tunakinga mbegu za madume ya ng'ombe, tunazichanganya na kiini cha yai na vitamini E kidogo, kisha tunazigandisha. Vitamini ile huzikinga zisiharibiwe na hewa, vile samli inavyoharibika ukiiacha wazi. Sasa wiki jana nilifungua gunia la chakula cha madume, nikapigwa na harufu ya mafuta yaliyochacha. Daktari wetu wa mifugo akasema litupwe, mafuta ya namna hiyo hula vitamini E, na ng'ombe akiikosa, dume au jike, uzazi unayumba.

Harufu ile ni ya pipa lako.

Na pipa nilikununulia mimi. Nilikuja nalo Krismasi nikijigamba kwamba sasa machicha ya nazi yatakaa wiki nzima, hutahangaika kila siku. Kabla ya hapo Tunu alikula machicha ya siku ile ile, pamoja na majani mabichi, na akashika mara ya kwanza tu. Nilimweleza daktari yote, nikiwa na aibu. Akacheka. "Sidi, huyo si tasa. Mlisheni vizuri."

Basi machicha yakilala, yamwage. Majani mabichi yarudi, hata ya kununua Jomvu. Daktari wa mifugo wa hapo Mikindani umwombe amdunge vitamini E na madini ya seleni, kiasi anakijua yeye. Tunu akionyesha joto asubuhi, apandishwe jioni jua likishapungua. Atashika, mama. Hii ndiyo kazi yangu na sibahatishi.

Baba Mdogo msomee hapa kwa sauti: Shikamoo Baba. Kosa si la ng'ombe, ni langu. Kama lazima mwenye bucha apate mtu, nitakuja Desemba anichukue mimi.

Nisalimie dada Nyevu anayekukunia nazi, na shangazi wa Port Reitz, mwambie kitenge chake nimekipata. Pipa lisugue kwa majivu, litunze maji ya mvua.

Na ndama akizaliwa, mwiteni Pipa, nisije nikasahau.

Mwanao akupendaye,
Sidi