Hatua Nane Kutoka Majini

Jumapili, 11 Februari

Kwa wifi yangu,

Salamu zikufikie hapo wodini, wewe na wagonjwa wako. Hujambo? Mgongo unaendeleaje na zile zamu za kuunganisha? Sisi huku hatujambo. Kaka yako mzima, anakula vizuri na kubisha vizuri zaidi.

Simu zangu hupokei, huu mwaka wa tatu, wala sikulaumu. Nimeona niandike, maana barua haikatwi katikati ya maneno. Nimempa dereva wa basi akuletee mkononi.

Nieleze shida yangu. Barabara kuu ya kwetu unaijua, haina pembeni. Malori yamezidi tangu kiwanda cha saruji kifunguliwe. Mwezi wa kumi, mwalimu wa hesabu wa shule ya hapa aliburuzwa na lori, yeye na baiskeli yake. Alipona, lakini mguu mmoja umebaki mfupi. Siku hiyo nilikuwa dukani nashona sare za wanafunzi wake. Niliweka mkasi chini, nikamwambia jirani yangu muuza mboga, "Nyuma yetu kuna mto, na kando ya mto kuna ardhi isiyo na kazi zaidi ya kufuga miba na takataka. Kwa nini tunagombania lami na malori?"

Tulianza wanawake sita wenye mapanga. Watu walitucheka, wakasema tumekosa waume wa kugombana nao. Sasa kila Jumamosi tunafika arobaini na zaidi, na waliocheka ndio wanaobeba magunia. Njia inaanzia darajani, inapita nyuma ya soko, nyuma ya shule, mpaka hospitali. Kilomita nne. Baiskeli mbili zinapishana na mtembea kwa miguu hahitaji kuruka pembeni. Baraza la mji lilimtuma mpimaji, akaikagua, akasema wataleta changarawe na mashine ya kushindilia, mradi njia iwe imeungana yote kabla ya mvua za mwezi wa nne. Ikikatika popote, mashine inakwenda mtaa mwingine.

Imekatika mahali pamoja tu, kwenye gereji ya kaka yako. Ukuta wake umeshuka mpaka kwenye maji, na ng'ambo ni mwamba mtupu, hakuna pa kukwepea. Kiwanja kile mama mkwe alikuachia wewe, na hati ina jina lako. Mpimaji anataka saini yako ili tupewe hatua nane kutoka majini. Kaka yako hataki hata kusikia. Amesema, "Hao watu wako wa mapanga wakigusa tofali langu, watanikuta mimi."

Karatasi imo ndani ya bahasha. Nakuomba, wifi.

Ni mimi wifi yako,
wa cherehani

---

Jumanne, 20 Februari

Wifi,

Barua imefika. Mimi mzima, mgongo mzima.

Siku ya tatu ya msiba wa mama yangu, mbele ya wanawake wote waliokuwa jikoni, ulisema nimekuja kuhesabu vijiko vya urithi. Nilibeba maneno yale kwenye basi saa tisa nzima, na mpaka leo sijayatua. Sasa unanitafuta kwa sababu ya hatua nane.

Tena unataka nikupe ruhusa ya kumvunjia ukuta kaka yangu, ambaye ndiye mume wako. Mnakula meza moja, mmeshindwa kusikilizana, mnaniletea ugomvi wenu kwenye bahasha?

Karatasi naibakiza hapa. Sijaisaini. Msalimie kaka.

Wifi yako,
wa wodi namba tatu

---

Jumamosi, 2 Machi

Kwa wifi yangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma tena. U hali gani? Sisi tunaendelea, ingawa nyumbani kumekuwa kimya. Kaka yako amenisusa. Siku ya tisa leo anaongea na mimi kupitia kwa paka. Anamwambia, "Mwambie mwenye nyumba chai haina sukari." Namjibu paka kwamba sukari iko kabatini na miguu anayo.

Lakini sikuandika kwa ajili ya hayo. Ni kweli nilisema. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile uliuma kama wenye meno. Nilimwosha mama mkwe miezi kumi na minne. Nilimgeuza ubavu huu na huu asipate vidonda, kama ulivyonielekeza wewe mwenyewe kwenye simu. Siku ya mwisho nilikuwa nimemshika mkono, naye akaita jina lako. Akaliita mpaka sauti ikaisha. Wewe ukafika kesho yake, nguo imenyooka, watu wote wakakukimbilia. Wifi, mimi sikuumizwa na vijiko. Niliona wivu kwa mtu aliyefiwa. Ni aibu, na ndiyo maana ilinichukua miaka mitatu kuisema.

Nisamehe. Na karatasi ile ichane ukitaka. Msamaha huu haujafungwa kwenye njia wala kwenye ukuta.

Wifi yako,
wa cherehani

---

Jumapili, 24 Machi

Kwa wifi,

Natumaini u mzima. Wiki tatu hujajibu, na mimi nilikwishajiambia kwamba kimya ndilo jibu. Leo naandika kwa sababu nimechanganyikiwa.

Jana asubuhi nilikuwa nawapangia watu kazi kule nyuma ya shule. Nilikuwa nimeshawaambia ukweli, kwamba zimebaki siku saba na mashine itatupita. Tukasikia nyundo inapiga upande wa gereji. Muuza mboga akasema, "Mumeo anaongeza ukuta." Nikaenda na hasira zangu mkononi, nimeshayapanga maneno kabisa.

Nikamkuta anaubomoa. Peke yake, fulana imelowa, ukuta umemfika magotini. Nikamuuliza, "Nani kakuroga?" Akasema, "Shika koleo, maswali baadaye." Halafu akatoa karatasi kwenye mfuko wa ovaroli, imejaa alama za vidole vya grisi. Ni karatasi ileile niliyokutumia wewe, na chini kuna saini yako.

Imefikaje mfukoni mwake, wifi? Nimemuuliza usiku na mchana. Anacheka tu. Lakini angalau anacheka na mimi, paka amepumzishwa kazi.

Wifi yako,
wa cherehani

---

Jumamosi, 30 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Hujambo? Vidole vimepata malengelenge ya koleo? Yatoboe kwa sindano iliyochemshwa, usiivue ngozi.

Nilikuja. Ilikuwa Alhamisi ile ya tarehe ishirini na moja. Nilifika asubuhi na basi la usiku, nikaja mpaka mlangoni pa duka lako. Nilikuona umeinamia cherehani, miwani imeshuka puani, pini tatu mdomoni. Barua yako ilikuwa ndani ya pochi yangu. Nikashindwa kuingia, maana nilijua nikifungua mdomo nitalia, na mimi silii mbele ya wateja. Nikageuka, nikaenda kuitazama njia yako.

Nilianzia darajani. Wifi, nilidhani mmefyeka kichochoro. Nilikuta wanafunzi wanakwenda shule wawili wawili wakibishana, bila mtu wa kuwapigia kelele wakae pembeni. Nilikuta mzee mmoja anamfundisha mkewe baiskeli, mke anamtukana, wote wawili wamefurahi. Nikatembea nao mpaka kwenye ukuta wa kaka. Pale watu wote wanapanda juu, wanazunguka kwa barabara kuu, halafu wanashuka tena. Nikapanda nao. Lori likapita karibu hivi kwamba upepo wake ulinivua kilemba. Mimi kila wiki nafunga mifupa ya watu wa barabarani, lakini sikuwahi kusimama pale wanapovunjikia.

Nikaingia gereji. Miguu ya kaka ilikuwa imetokeza chini ya gari. Nikasema, "Toka, ni mimi mwenye kiwanja." Akatoka haraka kuliko gari lolote alilowahi kulitengeneza.

Alinieleza kitu ambacho nadhani hajawahi kukueleza wewe. Ule mwaka wa mafuriko, kabla hujaolewa, mto ulichukua gereji yake ya kwanza yote, mpaka jeki. Akasema, "Tangu hapo mvua ikianza silali. Ukuta ule ndio unaolala macho badala yangu." Wifi, kaka yangu hana kichwa kigumu kama unavyodhani. Ana woga, na mwanamume mwoga hujifanya mkali.

Nikaomba mpimaji aitwe. Alikuja, akachukua nondo, akaisukuma chini ya ukuta kwa upande wa maji. Ikaingia yote. Mto umeshaula msingi kwa ndani, umebaki ukuta wa tofali uliosimama juu ya hewa. Kaka aliinama akachungulia shimo kama mgonjwa anayeonyeshwa picha yake ya eksirei. Mpimaji akasema kinachozuia mto ni vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, vipangwe kama ngazi, na njia ipite juu yake. Maji yatapenya kwenye mawe yaishiwe nguvu, badala ya kupiga ukuta na kuuchimba.

Kaka akauliza, "Hivyo vizimba nani anavisuka?"

"Fundi bado hatujampata."

"Mmempata," akasema, na akafuta mikono.

Nikaisaini karatasi juu ya boneti ya gari, nikamwachia kaka. Nikamwambia asikueleze, nitakueleza mwenyewe, kwa sababu lilibaki moja la kusema. Mama aliita jina langu kwa kuwa mimi sikuwapo. Wewe hukuwa na haja ya kuitwa, alikuwa amekushika mkono. Nimewauguza wengi wanaokwenda, najua. Wanaita wa mbali, wanamng'ang'ania wa karibu.

Yameisha, wifi. Naona nimeyatua.

Wifi yako,
wa wodi namba tatu

---

Jumapili, 12 Mei

Wifi yangu, mwenye kiwanja,

Hujambo? Barua yako ya mwezi wa tatu niliisoma chooni nikiwa nimejifungia, na sitasema zaidi ya hapo. Sisi wazima kabisa.

Mashine ilikuja siku ya mwisho kabisa, changarawe ikamwagwa, njia ikashindiliwa. Kaka yako alisuka vizimba ishirini na mbili. Mikono imechanika, na kila anayepita lazima aelezwe fundo la waya linavyofungwa. Kisha mvua ikaanza, ikanyesha siku nne. Siku ya tano alfajiri tulishuka wote wawili. Mto ulikuwa umepanda mpaka kizimba cha tatu, rangi ya kahawia, unavuta magogo. Tulisimama pale saa nzima. Mawe yalikuwa yanakunywa maji na kuyarudisha taratibu. Gereji kavu. Kaka yako akaenda kulala, wifi. Akalala mpaka saa nane mchana, na mvua inanyesha.

Barabara kuu ndiyo iliyozama. Kwa siku tatu mji mzima ulipita kwetu, kwa miguu na kwa baiskeli, wauguzi wa hospitali wakiwemo. Waliokuwa wakituita wehu walituamkia kwa heshima.

Jana ilikuwa ufunguzi. Utepe ulifungwa darajani, viti vikapangwa, mgeni rasmi akachelewa saa mbili. Watu kama elfu moja wamesimama juani. Muuza mboga akatazama toroli lake, akatazama majani yananyauka, akasema, "Mimi mboga zangu hazijui itifaki." Akasukuma. Utepe ukakatika na toroli, na umati mzima ukamfuata kwa vigelegele, baiskeli zinapiga kengele kilomita zote nne. Mgeni rasmi alipofika alikuta viti tupu na mpiga picha amelala. Ikabidi naye apande baiskeli atufuate, na suti yake.

Tulipofika mbele ya gereji kaka yako alipiga honi za magari yote aliyonayo ndani, hata yale yasiyotembea. Nikamshika mkono mbele za watu. Hakuuondoa.

Ulikosekana wewe tu.

Wifi yako,
wa cherehani

---

Jumatatu, 20 Mei

Wifi yangu,

Mzima? Mimi mzima, na muuguzi mkuu ameniruhusu likizo. Nafika Ijumaa, nakaa wiki mbili. Mara ya mwisho kulala kwenu ilikuwa msiba. Safari hii nakuja tu, bila sababu.

Usinifuate stendi. Nimeshamwambia dereva anishushe darajani, na mzigo wangu ni mdogo. Nitatembea.

Mwambie kaka aache wazi geti la nyuma la gereji, la upande wa mto.

Dada yako