Saa ya Babu na Kadi Niliyoiandika

Nyumba ya pili nyuma ya stesheni,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Sisi tu wazima. Mama kikohozi kimemwacha, na Baba bado anakoroma mpaka kuku wanalalamika. Ninayo mengi ya kushukuru, isipokuwa hili moja.

Stesheni yetu imefanywa makumbusho. Treni hazipiti tena, kwa hiyo chumba cha tiketi sasa kina taa za reli, bendera, na kofia aliyovaa Babu alipokuwa mkuu wa stesheni, ndani ya kabati la kioo. Ufunguzi ni Jumamosi. Katibu wa kamati, ambaye ni mwalimu wangu wa historia, alinichagua niandike kadi za maelezo kwa sababu ya mwandiko wangu. Nilifurahi nikasahau kufikiri.

Unaikumbuka saa ya ukutani pale stesheni. Tangu ulipokuwa mtoto, Babu hupanda stuli kila asubuhi akaitia ufunguo. Hata baada ya kustaafu hakukosa siku. Sasa Katibu ameisimamisha kwenye saa nne na dakika kumi, eti ndipo ilipoondoka treni ya mwisho. Chini yake kuna kadi kubwa: USIGUSE. Kwa mwandiko wangu, Shangazi!

Alhamisi Babu aliisoma polepole, akanigeukia. "Hata mimi, mjukuu wangu?"

Katibu ndiye aliyejibu, "Mzee wangu, hii ni historia sasa. Na ule ufunguo tunauomba, tuuweke kabatini."

"Treni ile ilichelewa," Babu akasema. "Iliondoka saa nne na ishirini. Filimbi nilipuliza mimi."

Wanakamati wakacheka. Babu akautia ufunguo mfukoni, akaenda zake. Tangu siku hiyo anaamka alfajiri, anavaa koti, kisha anakaa ukingoni mwa kitanda. Haendi popote.

Nina hasira. Namkasirikia Katibu, lakini zaidi nafsi yangu: naandika insha ya kurasa sita bila kupumzika, ila sentensi moja ya kumtetea Babu ilinishinda. Baba anasema niachane na mambo ya wakubwa.

Tafadhali mpigie Katibu kabla ya Jumamosi. Mlisoma darasa moja, na Babu anasema alikuwa akikuogopa. Mimi kwenye simu ningelia tu, ndiyo maana nampa barua hii jirani yetu dereva wa lori akuletee.

Wasalimie binamu zangu, Mrefu na yule anayeniita Kobe. Mungu akulinde, na goti lako pia.

Akupendaye siku zote,
Mla Vitabu, mtoto wa kaka yako.

Nyongeza: Usishangae ugumu wa karatasi hii. Igeuze, utaona neno USIGUSE. Nimeibandua leo mchana. Kesho asubuhi nitamshikia Babu stuli.