Kinyongo Mbele ya Tanuri

Misheni, Mbozi
14 Julai 1953

Mpendwa mdogo wangu Jenista,

Pokea salamu za dada yako, nyingi za kujaza lori la Osea anayekuletea barua hii. Mmeamkaje huko Msangano? Kifua cha baba kimepungua? Na mguu wa mama je? Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo utazisoma huko chini, na nakuomba usiichane karatasi kabla hujafika mwisho.

Baridi ya mwaka huu imetutesa. Tukiushika udongo mweupe asubuhi vidole vinakufa ganzi, hata mkuu wetu Bibi Inga ameruhusu jiko la mkaa ndani ya karakana ya vyombo. Mwenzetu Enesi amejifungua mtoto wa kike. Sadoki bado ndiye mchomaji wetu, na bado anagombana na kuni mbichi.

Mama alimwomba Mwalimu Amoni aniandikie. Mama anasema tangu urudi nyumbani hutaki kugusa udongo, na akichoma vyungu vyake unakimbilia shambani mpaka moto uzime, ukisema moyo wako unaharibu vitu vya watu. Barua hiyo ndiyo iliyonikalisha leo kuandika.

Jenista, nilikuonea wivu. Nalisema waziwazi kwa sababu nimechoka kulizunguka. Mimi ndiye niliyekuombea kazi hapa. Mimi ndiye niliyekufundisha kuchanganya ule uji wa kioo unaovipa vyombo mng'ao motoni, kuchovya kikombe mara moja tu, kisha kufuta kitako chake kwa sponji kisije kikagandana na rafu ya tanuri. Miaka mitatu nilichora mistari ya buluu ukingoni, na Bibi Inga akasema ni safi. Safi tu, basi. Wewe ulikaa miezi mitano, ukashika burashi ukachora majani ya mbuni peke yake, ukaacha weupe wa kikombe uwe ndilo ua. Bibi alikiinua kikombe kile dirishani akatuita wote tuje tuone. Nilipiga makofi kama wengine.

Ilipokuja kazi ya vikombe vya harusi ya binti wa yule mzungu wa shamba la kahawa, ukapewa wewe meza ya dirishani, meza yangu. Mimi nikahamishiwa mlangoni kwenye upepo. Uliniambia tupokezane siku, nami nikakujibu kwamba sihitaji sadaka ya mtoto niliyembeba mgongoni. Najua ilikuchoma.

Unakumbuka tanuri letu haliwashwi mpaka Sadoki amuulize kila mmoja kama ana kinyongo na mwenzake, vile alivyokuwa akiuliza marehemu bibi yetu huko nyumbani kabla ya kuchoma vyungu. Siku ile nilijibu sina, kwa sauti kubwa. Wewe ulijibu sina, kwa sauti ndogo.

Tulipofungua, vikombe vyako vyote kumi na viwili vilikuwa vimegandana na rafu. Sadoki alipovibandua, vitako vilibaki pale pale. Vyangu vilitoka salama. Bibi Inga alisema hukufuta. Wenzetu walisema mengine, kwamba ulidanganya mbele ya tanuri. Nawe badala ya kubisha ukalia, ukakiri kwamba kweli ulikuwa na kinyongo kidogo na mimi kwa lile neno la sadaka. Ukanipigia magoti mbele ya wote kuniomba msamaha. Nikakuinua, nikasema nimekusamehe. Enesi alisema nina moyo wa huruma.

Sasa soma polepole. Vikombe vyako ulivifuta. Nilikuona ukivifuta, kimoja kimoja, vizuri kuliko mimi. Ulipokwenda kisimani kuosha sponji nilichukua burashi, nikavigeuza, nikavipaka vitako uji wa kioo, nikavirudisha kwenye ubao kama ulivyoviacha. Nilipofika cha sita nilikusikia unaimba huko nje. Sikuacha. Nilimaliza vyote.

Moyo wako haukuharibu kitu, mdogo wangu. Ni mkono wangu. Ulipokuwa umepiga magoti nilijua, na nikakuacha uondoke hivyo hivyo.

Jana nilimweleza Bibi Inga yote, Sadoki akisikia. Hakunifukuza, ila ameninyang'anya burashi. Kazi yangu sasa ni kukanyaga udongo na kuuchuja, mpaka atakaposema mwenyewe. Anataka urudi na lori la Osea Jumatatu. Meza ni yako. Sitakudanganya kwamba wivu umekwisha. Nikikuona umekaa pale utanibana tena, na Sadoki akiuliza nitamwambia kinyongo ninacho, nikae nje wenzangu wakichoma.

Msomee mama barua hii yote, usiruke pale pabaya. Wasalimie baba, shangazi Elina na jirani wote, na ukauguse udongo mama akifinyanga mbele yako, hata kama hutaki kurudi huku. Ukirudi, nitakuwa barabarani lori litakaposimama, na nitapiga magoti hapo hapo mbele ya watu. Ukinipita ukaniacha chini, sitainuka kukufuata.

Ni mimi dada yako,
Ferista