Kaushio la Michembe Limefunguliwa

Gari la chuo lilikuwa limeshasimama uwanjani kwetu, dada Nkwimba, na kaushio lako la viazi bado lina kufuli na kitambaa cheusi. Mimi nilikuwa nyuma ya zizi, nawaona wote. Alishuka mwalimu wako Rehema, halafu yule mama mfadhili uliyenionyesha picha yake kwenye simu, amevaa raba na kitenge. Mama yetu, mayu, akawapa mkono, akawasalimu mwadila. Tangu tukuzike mayu anaongea chini chini, kama kuna mtoto kalala ndani.

Ngoja nikueleze tulivyofika hapo, maana wewe uliacha kaushio linafanya kazi.

Siku tuliponyoa nywele za msiba, shangazi Mbula alikusanya vitu vyako. Nguo, viatu, sanduku, lile godoro ulilorudi nalo kutoka chuoni. Halafu akatoka nje akaona jina lako limepakwa rangi ubavuni mwa kaushio. Akasema na hili ni lake. Akafunga kufuli, akafunga na kitambaa. Si unajua kwetu, kitu cha marehemu hakiguswi mpaka mkubwa wa ukoo akae chini agawe. Na mkubwa ni baba mkubwa, na baba mkubwa yuko Katavi na ng'ombe. Alisema atakuja malisho yakitulia. Malisho hayatulii, dada.

Basi viazi vikaiva. Akina mama wa kikundi chako wakachimba, wakamenya, wakakata, wakarudi kuanika juu ya mawe kama zamani. Mbuzi wakala. Malori ya pamba yakipita hapo barabarani vumbi lote linatua kwenye michembe. Mama Kulwa alinipa nionje, akasema, "Tafuna, Maduhu, utasikia barabara yote ya Kasoli mdomoni." Tulicheka. Halafu tukaangalia kaushio lile limesimama tu.

Ujumbe wa mwalimu ulikuja kwenye simu yako, ile uliyoniachia mwenyewe. Alitupa pole vizuri sana. Akasema wafadhili wanakuja kuona, na kama kaushio halifanyi kazi basi chuo kitalichukua, kuna wanafunzi wengine wana wazo na hawana kifaa. Sikumlaumu. Pesa ya watu ikikaa bure inauma. Nilimsomea mayu. Akasema tungoje mzee. Nikamsomea shangazi, akasema yeye hawezi kulaaniwa kwa ajili ya viazi.

Ndiyo maana nilikuwa nyuma ya zizi. Nilijua wanakuja kulibeba.

Nakumbuka ile likizo tunapiga misumari wewe na mimi, jua kali, karatasi la nailoni linapeperuka unalikalia. Ukanieleza kuna watu wanatoa pesa pale chuoni, si ya ada, ni ya wanafunzi wanaotaka kuanzisha kitu. Unasimama mbele yao unasema wazo lako. Wakikubali wanakupa cha kuanzia, na wanakupa mtu wa kukusumbua na maswali kila mara. Nikakuuliza wao wanapata nini. Ukasema na wewe ulimuuliza hivyo hivyo yule mama, mbele ya watu, mpaka mwalimu akakukanyaga mguu. Akakujibu kwamba yeye alipoanza kuuza maziwa hakuna aliyemwazima hata ndoo. Basi. Ulikuwa unacheka unaponiambia, na msumari mdomoni.

Huyo mama sasa alizunguka kaushio letu lote bila kuligusa. Akamuuliza mayu kile kitambaa ni cha nini. Mayu akamweleza. Nilidhani atakasirika, au atasema haya mambo ya kizamani, kama wanavyosema watu wa magari. Hapana. Alivua raba, akaenda kwenye mkeka wa shangazi, akakaa, akatoa pole. Halafu akauliza ni nani anaweza kukifungua kitambaa. Shangazi akasema yuko Katavi. Akauliza, huko Katavi hakuna simu?

Dada, sisi wote tulitazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba mgawo wa marehemu unaweza kuulizwa kwa simu.

Mwalimu akapiga, akaweka sauti ya nje. Baba mkubwa alipokea, ng'ombe wanasikika nyuma yake. Shangazi akaeleza kwa Kisukuma, haraka haraka, kama anashtaki. Baba mkubwa akamfukuza ng'ombe mmoja kwanza. Kisha akauliza, "Hilo dude lilikuwa la mtoto, au la watu?"

Shangazi akasema limeandikwa jina lake.

Mayu hakujua. Mwalimu haelewi Kisukuma. Anayejua ni mimi peke yangu, maana uliniambia siku ile ya rangi, kwamba jina ni la chuo kumjua aliyeanza, lakini lenyewe ni la kikundi, wewe ukimaliza masomo utaenda kuanzisha lingine kwingine. Nilitoka nyuma ya zizi. Unanijua, mbele ya wakubwa huwa siongei, ndiyo maana sikuwa nimesema. Nikasema, "La watu, baba. Mwenyewe alisema."

"Anayeongea ni nani?"

"Maduhu."

"Maduhu anaongea?"

Watu wakacheka, hata mayu, dada. Mayu alicheka. Ni mara ya kwanza.

Akaniuliza ulisema nini hasa. Nikamwambia yote. Akavuta pumzi, akasema, "Kama ni la watu lifungueni. Viazi havingoji msiba. Ila godoro msiguse, nakuja."

Shangazi mwenyewe ndiye alifungua. Kitambaa alikikunja vizuri akakiweka kifuani. Ndani kulikuwa na joto na ile harufu ya michembe ya mwisho uliyoanika. Mayu aliingiza kichwa tu, akakitoa.

Jioni hiyo hiyo akina mama walikuja na ndoo za viazi. Mama mfadhili akaomba kisu. Alikuwa anakata vipande vinene, Mama Kulwa akamwambia, mama, hiyo ni michembe au ni kuni? Akajifunza. Akaniuliza kipi kinasumbua kwenye kaushio, nikamwonyesha pale chini panapoingia unyevu. Akasema wapo vijana wawili chuoni wanataka kuendeleza wazo lako, wasage michembe iwe unga wa uji, na mwaka huu wafadhili watawasimamia hao. Watakuja likizo, watalala kwetu, watarekebisha na hapo chini. Kaushio linabaki. Mwalimu ameandika ni la kikundi, na mbele ya chuo mtu wa kulijibia ni mimi.

Nilisema mimi sikusoma chuo. Mama mfadhili akasema hakuniuliza hilo.

Kuna siku nalia bado. Nikisikia mtu anacheka na kitu mdomoni nageuka. Lakini asubuhi nafungua mlango wa kaushio kabla jua halijapanda, napanga vipande visigusane kama ulivyonielekeza, na siku inapita, na siyo siku mbaya.

Sasa niko hapa pembeni ya kaburi lako, naandikia kwenye goti. Nimepalilia, majani yalikuwa yanakufunika miguuni. Nakuahidi kaushio halitalala tena bila kazi nikiwa hai, na akina mama wa Migato wameshaniagiza lao, nitaanza kulijenga nikirudi. Wabeja, dada yangu, asante kwa yote. Pumzika vizuri.

Lazima niondoke. Kesho, huko chuoni Mwanza, wanafunzi wapya wanasimama mbele ya wafadhili kusema mawazo yao, na mwalimu amesema waanze kwa kumsikia mtu wa kwenu aeleze wazo lako limefanya nini. Huyo mtu ni mimi. Shati nimevaa la baba, limenibana. Bodaboda ananipigia honi barabarani, na basi la Mwanza halimngoji mtu.